Chumvi za damu wakati wa Ebola, Beni na Butembo

Wakaaji wa Beni na Butembo wanakumbuka mavazi ya wauguzi na mazishi ambayo familia hazikuruhusiwa kugusa maiti. Kuna kipimo kimoja ambacho hakizungumziwi sana: ionogramu, yaani kupima chumvi za damu kama sodiamu na potasiamu.

Mgonjwa wa Ebola anatapika na kuharisha, na maji yanayotoka yanabeba chumvi zake. Potasiamu ikishuka mno, misuli inalegea na moyo unapiga ovyo. Lakini mwili ukikauka, au figo zikiumia, mkojo unakatika na potasiamu inapanda. Hapo pia moyo unaweza kusimama. Kwa macho tu, muuguzi aliyejifunika mwili mzima hawezi kujua hatari ni ipi, na kumuongezea potasiamu kwenye serumu mgonjwa ambaye figo zake zimekufa ni kumuua.

Tena jibu lenyewe linaweza kudanganya. Damu ikitikiswa njiani au ikikaa muda mrefu, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga potasiamu, kumbe ndani ya mgonjwa haikupanda. Barabara za kwetu zinajulikana! Ndiyo maana ilifaa kupimia damu pale pale kituoni.

Kikwit, mwaka 1995, watu 315 waliugua na karibu 8 kati ya 10 walikufa. Ugonjwa ulipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, mambo yalikuwa yamebadilika. Katika utafiti wa dawa nne ulioanza Novemba 2018, uliofika Beni, Mangina, Katwa na Butembo, kila mgonjwa alipaswa kupata pia serumu, vipimo vya damu na marekebisho ya chumvi, dawa yoyote aliyopewa. Dawa mbili zilishinda nyingine, na waliofika mapema walipona zaidi.

Kufika mapema ndiko kulikuwa kugumu. Desemba 2018 uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, na wengi wakaona ugonjwa ni siasa. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya kile cha Butembo. Wagonjwa waliokuwa wakitundikiwa serumu walilazimika kuhamishwa. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa.