Msikilizaji Akae Wapi?

Stirio humpangia msikilizaji kiti. Spika mbili na kichwa chake hufanya pembetatu. Akisogea kando hatua mbili, mpangilio wa sauti unavurugika. Wanamuziki wa roki ya progresivu wa Uingereza walilikubali sharti hilo kwa moyo mmoja, wakatunga albamu za kusikilizwa kwa kutulia. Wimbo unaoipa jina albamu Close to the Edge ya kundi la Yes (1972) unazidi dakika 18 na kuujaza upande mzima wa sahani. Mwaka uliofuata Pink Floyd walitoa The Dark Side of the Moon. Zile saa zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa “Time”, fundi mitambo Alan Parsons alizirekodi moja moja dukani ili kuujaribu mfumo wa spika nne, kila pembe ya chumba na sauti yake.

Lakini si kila muziki ulihitaji kiti hicho. Mwaka 1952, Jadotville, mji wa Kongo ambao leo ni Likasi, si mbali na Lubumbashi, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco akipiga “Masanga” kwa gitaa kavu, lisilo la umeme. Chaneli ilikuwa moja, na sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande. Hata hivyo utaapa wapigaji ni wawili: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinacheza juu, na mapigo yao yanapishana. Parsons alizitenganisha sauti kwa mahali. Mwenda alizitenganisha kwa wakati na kwa kimo. Ndiyo maana “Masanga” haipungukiwi kitu kwenye redio ndogo ya jikoni, ilhali albamu za Pink Floyd hapo hupoteza nusu ya hoja zao. Kwa upande mwingine, hakuna vidole vinavyoweza kuipitisha sauti nyuma ya kisogo chako, na hilo spika nne hulifanya bila jasho.

Karindula ya Lubumbashi inaligeuza swali lenyewe. Ni banjo kubwa ajabu, pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi, lenye nyuzi nne, na hupigwa nje, kwenye sherehe na misibani pia. Penye spika nne, mtu yuko katikati na sauti zimemzunguka. Penye karindula, sauti iko katikati na watu wameizunguka. Aliye karibu na pipa anapigwa kifua na besi, aliye nyuma anasikia zaidi miguu na vigelegele vya jirani zake, na hakuna anayeweza kudai kwamba wake ndio usikivu sahihi.

Ng’ambo ya mpaka, kwenye miji ya shaba ya Zambia, vijana walichukua gitaa za umeme na roki ya Uingereza wakaifanya yao. Albamu Africa ya Amanaz (1975) ilitoka katika michanganyo miwili, mmoja mkavu, mwingine uliolowa mwangwi. Mimi nauchagua mkavu, ingawa najua wapenzi wa roki watanibishia.

Mchanganyo unaweza hata kubadilishwa miaka mingi baadaye: mwaka 2009 mwanamuziki Steven Wilson aliipanga upya albamu In the Court of the Crimson King ya kundi la King Crimson (1969) kwa mfumo wa 5.1, wa spika zinazomzunguka msikilizaji. Aliweza kwa sababu ala zilikuwa zimehifadhiwa kwenye njia mbalimbali za utepe. “Masanga” haina mshono wa kufumua. Anayetaka kuitanua kwa mwangwi wa kubuni atapata ukumbi, lakini gitaa atakuwa amelisogeza mbali.