Bernstein na nyundo ya mhunzi

Sisi waandishi wa programu tunamjua Norbert Wiener, ambaye kitabu chake cha mwaka 1948 kilieneza sayansi ya mifumo inayojirekebisha. Mimi naona kuna mtu wa kutajwa kabla yake: Nikolai Bernstein, daktari Mrusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1896.

Miaka ya 1920, katika Taasisi Kuu ya Kazi mjini humo, alipewa jukumu la kuchunguza mwendo wa wafanyakazi. Aliwafunga taa ndogo mkononi, akawapiga picha mfululizo wakigonga patasi kwa nyundo. Nyundo ilitua palepale kila mara, ila bega na kiwiko havikurudia njia ileile. Yaani ubongo hauchezi kanda iliyorekodiwa! Unaamuru, unapokea habari kutoka kwa macho na misuli, kisha unarekebisha mwendo ungali njiani. Hiyo ni lupu kabisa, na jamaa aliieleza tangu miaka ya 1930.

Shida ni kwamba hoja hii iligongana na mafundisho ya Pavlov. Kitabu cha Bernstein cha 1947 kilimpatia Tuzo ya Stalin mwaka 1948. Haikuchukua muda, mafundisho ya Pavlov yakafanywa msimamo rasmi wa serikali, naye akapoteza maabara yake. Hakuacha kuandika. Alifariki mwaka 1966, na mwaka uliofuata maandishi yake yakatoka kwa Kiingereza. Wahandisi wa roboti wangali wanahangaika na swali lake: viungo vingi hivi, vyenye njia chungu nzima za kusogea, vinaendeshwaje kwa pamoja?