Mlolongo wa 1988 na Sisi Tunaosema "Wameshapanga"

Juzi beshte yangu alinitumia tangazo la mashindano ya filamu fupi. Zawadi ni kamera na pesa kidogo. Nikamjibu kwa sauti bila hata kusoma masharti: "Achana nayo, mshindi wameshampanga." Shosho alikuwa jikoni. Akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwa kwa mlolongo?"

Kama ulizaliwa juzi kama mimi, hii ni stori ya 1988. Kenya ilikuwa na chama kimoja tu, KANU, na kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi kulikuwa na mchujo wa chama. Kura ya siri hakuna. Wanachama walipanga foleni hadharani nyuma ya ajenti aliyeshika picha ya mgombea wao, vichwa vikahesabiwa, matokeo yakatangazwa. Aliyezidi asilimia 70 alikuwa amepita moja kwa moja hadi bungeni, bila kura nyingine yoyote.

Hebu fikiria hiyo kitu vizuri. Kura za karatasi zikiibwa, angalau kuna sanduku la kubishania. Foleni ikishavunjika na watu wameenda kukama ng'ombe, utahesabu nini tena?

Shosho anasema foleni yao ilizunguka uwanja wa shule ikatokea barabarani. Ile nyingine ungeihesabu ukiwa umeketi. Ile nyingine ndiyo ilitangazwa imeshinda. Malalamiko ya aina hiyo yalitoka sehemu nyingi za nchi. Jarida la Beyond, lililokuwa la baraza la makanisa NCCK, liliandika juu ya wizi huo. Serikali ikalipiga marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Machi ilipofika, shosho alibaki shambani. Si uvivu, na anasema hata si woga. "Nilisimama kwa foleni ndefu nikaambiwa ni fupi. Nirudi kufanya nini?"

Lakini mtu anayenishangaza zaidi ni Kenneth Matiba. Aliyeshindwa akilia tunamwambia akubali matokeo, sindio? Matiba alikuwa ameshinda. Alikuwa mbunge, tena waziri. Desemba 1988 akajiuzulu uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa ndani wa KANU. Chama kikamfukuza, na kiti cha ubunge kikaenda. Kumbe mchezo ukiwa mchafu, hata anayekula anaweza kukosa hamu. Mei 1990 yeye na Charles Rubia walijitokeza kudai vyama vingi, na Julai wakawekwa kizuizini. Desemba mwaka huohuo KANU yenyewe ikafuta mlolongo na ile sheria ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye vyama vingi vikaruhusiwa.

Sasa angalia hesabu. Mwaka 1988 Moi hakuwa na mpinzani wa urais. Mwaka 1992 wagombea walikuwa 8, na zaidi ya watu milioni 5 wakapiga kura. Shosho aliamka saa tisa usiku.

Na hapa ndipo mimi hubishana na wasee wanaosema watu hushindana tu pale kuna haki. Haki gani ya 1992? Upinzani ulizuiwa kuingia sehemu zingine, kulikuwa na ghasia, pesa zilimwagwa hadi bei za vitu zikapanda. Kila mtu aliona. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 upinzani ukiwa umegawanyika, na kelele za wizi hazikuisha. Lakini watu walitoka kwa sababu safari hii kulikuwa na karatasi, sanduku, na ajenti wa upande wako akiangalia. Ukiibiwa, kuna kitu kimebaki cha kuonyesha. Hiyo tu ilitosha kumtoa shosho kitandani.

Ndio maana swali lake lilinichoma. Mimi foleni yangu haijawahi kuitwa fupi. Nimeingia mashindano mara moja tu maishani, nikapigwa na dem mmoja wa Kisumu, na ukweli ni kwamba filamu yake ilikuwa kali kuliko yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema wameshapanga.

Nimerudi kusoma masharti. Majaji wametajwa majina, na alama za kila filamu zitawekwa wazi. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, na bado sijapata mtu wa kunishikia taa.