Kichwa cha Mkwawa na Waliobaki Berlin

Tukizungumzia kumrudisha nyumbani marehemu aliyefia ng'ambo, mara nyingi tunaishia kwenye makaratasi na nauli: cheti cha kifo, barua ya ubalozi, kibali cha kusafirisha, sanduku, nani anachanga kiasi gani. Ni mambo ya lazima, hasa siku hizi ambapo mabinti wengi wa pwani wako Oman na nchi za jirani kutafuta riziki. Ila leo tunataka kurudi nyuma, kwa sababu nchi yetu ina wapendwa wake waliochukuliwa ng'ambo baada ya kufa, na kuwadai kumechukua zaidi ya miaka mia moja.

Sisi huku Dimani, wilaya ya Kibiti, ni wauza vitambaa na mafundi wa cherehani. Bafta ya sanda haikosekani dukani. Mwanamume shuka tatu, mwanamke vipande vitano, kila mmoja wetu anavijua vipimo bila kuuliza. Ndiyo maana habari ya kichwa kilichokaa kabatini kwa miaka bila sanda wala kaburi inatugusa kwa namna yake. Tumefundishwa kuwa mfupa wa maiti una heshima ileile ya mfupa wa aliye hai.

Tuanze na Mkwawa wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wake waliwapiga Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani hawakusahau. Waliivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, wakaahidi rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa, na wakamwinda msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi karibu na Mlambalasi kuliko kukamatwa. Sajenti mmoja wa Kijerumani, Merkl, alimkata kichwa akakipeleka Iringa kwa Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani. Mwili ukabaki Mlambalasi. Kichwa kikaenda zake.

Sasa sikilizeni hili, maana wengi hatukusomeshwa shuleni. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa yalitia saini Mkataba wa Versailles mwaka 1919. Kifungu cha 246 cha mkataba huo kiliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita: Msahafu wa Sayyidna Uthman uliotolewa Madina, ukabidhiwe kwa Mfalme wa Hijaz, na fuvu la Mkwawa, likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza. Msahafu na fuvu katika kifungu kimoja! Waingereza hawakulidai kwa huruma tupu. Wahehe walikuwa wamewasaidia vitani dhidi ya Wajerumani, na watawala wapya walitaka kuwashukuru.

Ujerumani ilijibu kuwa haina fuvu hilo. Miezi sita ikawa miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu kama elfu mbili yamepangwa. Yakatengwa yaliyotoka Afrika Mashariki, yakapimwa na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Lipo Kalenga hadi leo.

Ni lenyewe kweli? Wako wataalamu wanaotia shaka, na sisi kama mafundi tunawaelewa: kipimo cha futi kamba hakikuambii nguo ni ya nani, kinakuambia tu itamwenea nani. Lakini Wahehe walilipokea kwa heshima zote, na hatuoni wa kuwalaumu.

Huku kwetu Rufiji jambo hili si la mbali. Ukivuka mto kwa Daraja la Mkapa, kusini kuna Mohoro, ambako Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa Vita vya Majimaji. Na juu ya mto huohuo, Beho Beho, kuna kaburi la Mwingereza Frederick Selous, aliyeuawa kwa risasi ya Wajerumani tarehe 4 Januari 1917. Yeye ana kaburi lenye jina lake, na pori zima likaitwa kwa jina lake. Mgeni amelala kwetu kwa heshima. Watu wetu je, walilalaje kwao?

Walilala kwenye maboksi. Mjini Berlin kulikusanywa maelfu ya mafuvu kutoka makoloni, mengi na daktari Felix von Luschan, kwa ajili ya elimu ya kupima "rangi" za watu ambayo leo hakuna msomi wa maana anayeitetea. Taasisi ya Urithi wa Prussia, iliyoyarithi mwaka 2011, ilichunguza zaidi ya mafuvu 1,100 ya Afrika Mashariki. Mengi ni ya Rwanda, na 202 yalitoka ardhi ambayo sasa ni Tanzania. Mwaka 2023 walipima vinasaba vya machache pamoja na vya wazee walio hai Kilimanjaro, na familia tatu zikapata jibu. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na likathibitika kuwa la mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi. Mangi Meli mwenyewe, aliyenyongwa tarehe 2 Machi 1900, kichwa chake bado kinatafutwa.

Hapo dada zetu ndipo tunapotaka mtazame vizuri. Lile fuvu la Akida lilijulikana kwa sababu mbili: neno moja lililoandikwa, na ukoo uliokuwa bado unasimulia ni nani walipotea siku ile. Mate ya mjukuu yalikamilisha tu kazi. Bila bibi aliyewatajia watoto majina, wataalamu wasingejua hata mlango wa kubisha. Ubalozi hauwezi kumwombea kibali mtu asiye na jina wala ndugu, awe amekufa jana Maskati au mwaka 1900 Moshi.

Songea nako wanasubiri. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa pale mashujaa wengi wa Majimaji, miongoni mwao mwanamke, Nduna Mkomanile. Ukoo wa Nduna Songea Mbano unasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi mbele yao. Aliahidi kusaidia kukitafuta, na akasema wazi kuwa hawezi kuahidi kwamba kitapatikana.