Sanfrecce Hiroshima: timu iliyoipiga Mazembe, na mji uliokataa kufa

Jambo hili lilianzia kambini. Nilikuwa nimeenda kuuliza habari za maji. Nikakuta vijana wanabishana chini ya hema kuhusu TP Mazembe. Mmoja aliuliza: ni timu gani iliyoipiga Mazembe kule Japani? Huyu akasema Barcelona. Yule akasema Wachina. Baba mmoja mwenye redio ndogo mkononi akaniita: "Wewe mtu wa redio, ukate hili shauri."

Nikakata. Nikawaambia ni Sanfrecce Hiroshima. Yule baba akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Hiroshima? Si ule mji wa bomu? Kumbe kule kungali watu?"

Niliahidi kumjibu vizuri. Jibu lenyewe ni hili. Ni refu kidogo, maana historia ya timu hii haitenganiki na ya mji wake, na ya mji wake haitenganiki na ardhi yetu ya Katanga.

Timu ya wafanyakazi

Sanfrecce ilizaliwa mwaka 1938, ikiitwa Toyo Kogyo. Hilo lilikuwa jina la kampuni ya Hiroshima ambayo leo dunia nzima inaijua kwa jina la magari yake: Mazda. Wachezaji walikuwa wafanyakazi wa kampuni. Mtu alifanya kazi yake kiwandani au ofisini, kisha akaenda kwenye mazoezi. Kwa miaka mingi mpira wa Japani ulikuwa hivyo, timu za makampuni, bila wachezaji wa kulipwa.

Kwetu haikuwa mbali na hivyo. Mwaka mmoja tu baadaye, 1939, watawa Wabenedikto wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walianzisha timu ya vijana iliyoitwa Saint-Georges. Baadaye ilipewa jina Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari. Ndiyo Mazembe tunayoijua. Kwa hiyo huku kulikuwa na timu yenye jina la matairi, kule timu ya watengeneza magari, zikitofautiana mwaka mmoja.

Tarehe 6 mwezi wa nane, 1945

Siku hiyo, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Hadi mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wengine palepale, wengine baada ya siku na wiki kwa kuungua na kwa mionzi. Katikati ya mji hakukubaki nyumba.

Urani iliyotengenezea bomu lile ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mgodi wa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha peleka New York zaidi ya tani elfu moja za mawe yale. Wababu zetu waliochimba na kubeba mawe hayo kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Wenye mgodi walilipwa. Waliochimba walibaki na vumbi.

Sisemi haya ili mtu ajione na hatia. Mchimbaji hakuchagua. Nayasema kwa sababu watoto wetu wanajifunza kwamba Hiroshima ni mbali, na si kweli kwamba ni mbali.

Kiwanda cha Toyo Kogyo kilikuwa Fuchu, kama kilomita tano kutoka pale bomu lilipolipukia, na kilima cha Hijiyama kilikinga mshindo. Kiwanda kilisimama. Ofisi za jimbo, zilizokuwa zimeteketea, zilihamia humo, na kazi za serikali zikafanywa kiwandani hadi mwaka uliofuata. Mtu aliyekimbia makwao anajua maana ya jambo hilo: serikali nzima imepanga kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mwezi wa kumi na mbili 1945, miezi minne tu baada ya bomu, kiwanda kilianza tena kutengeneza vile vigari vya mizigo vya magurudumu matatu. Mji uliojengwa upya ulihitaji kubeba mbao, mchanga na chakula.

Michezo nayo ilirudi mapema. Mji ulianzisha timu ya mchezo wa besiboli, Carp, na fedha zilipoisha wakaaji waliweka mapipa mlangoni mwa uwanja, kila mtu akatia alichonacho. Watu ambao hawakuwa wamemaliza kujenga nyumba zao walichangia timu.

Miaka ya dhahabu, kisha kulala

Ligi ya taifa ya Japani ilianza mwaka 1965. Toyo Kogyo ilichukua ubingwa wa kwanza bila kufungwa mechi hata moja. Ikachukua tena 1966, 1967 na 1968: mara nne mfululizo. Ikaongeza wa tano mwaka 1970. Kombe la Mfalme ililichukua 1965, 1967 na 1969. Timu ya taifa ya Japani ilipopata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, wachezaji wa Toyo Kogyo walikuwamo.

Na miaka hiyohiyo, 1967 na 1968, Englebert ya Lubumbashi ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Timu hizi mbili zilikuwa juu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeijua mwenzake.

Baada ya hapo Toyo Kogyo ilififia. Ilishuka daraja, ikapanda, ikabadilishwa jina ikaitwa Mazda. Mwaka 1987 iliajiri kijana mmoja aliyekulia Nagasaki, mji wa pili uliopigwa bomu la atomiki. Jina lake Hajime Moriyasu. Mlikumbuke.

Mishale mitatu

Mwaka 1992 Wajapani walipoandaa ligi mpya ya kulipwa, J.League, walitaka timu ziache majina ya makampuni na zibebe majina ya miji. Timu ya Mazda ilikuwa kati ya kumi zilizokubaliwa kuanza. Ndipo ikaitwa Sanfrecce Hiroshima. "San" kwa Kijapani ni tatu. "Frecce" kwa Kiitaliano ni mishale. Mishale mitatu.

Jina hilo linatokana na hadithi ya Mori Motonari, mtawala wa sehemu zile katika karne ya 16. Wanasimulia kwamba aliwaita watoto wake watatu wa kiume, akampa kila mmoja mshale mmoja auvunje. Wakavunja. Akaifunga mitatu pamoja. Hakuna aliyeweza. Watu wa historia wanasema hadithi ilikuzwa na wasimulizi, lakini barua ya Motonari ya mwaka 1557 ikiwaonya wanawe wasitengane ni ya kweli. Wazee wetu walisema kwa kifupi zaidi: kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1994, chini ya kocha Stuart Baxter, yule aliyekuja baadaye kufundisha Afrika Kusini, Sanfrecce ilishinda nusu ya kwanza ya msimu. Katika mechi za kumtafuta bingwa ilifungwa na Verdy Kawasaki. Baada ya hapo ikawa timu ya machozi ya fainali. Ilipoteza fainali ya Kombe la Mfalme msimu wa 1995, ikapoteza 1996, ikapoteza 1999. Mwaka 2002 ikashuka daraja. Ikarudi. Mwaka 2007 ikashuka mara ya pili.

Hapo ndipo uongozi ulifanya jambo ambalo viongozi wengi wa mpira hawalifanyi, huku kwetu na kwingineko. Hawakumfukuza kocha. Mihailo Petrović alibaki. Mshambuliaji wao, Hisato Sato, aliyeweza kupata timu nyingine ya daraja la juu, naye alibaki. Mwaka 2008 wakashinda ligi ya daraja la pili, na mwaka 2009 wakamaliza wa nne katika ligi kuu.

Mtu wa Nagasaki

Lakini fedha zilikuwa ngumu. Hiroshima si Tokyo. Wachezaji wazuri walinunuliwa na timu zenye uwezo, hasa Urawa Reds, na mwishowe hata Petrović mwenyewe akaenda kufundisha Urawa. Mwaka 2012 ukocha ukapewa Moriyasu, yule kijana wa Nagasaki, ambaye hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu ya ligi. Wengi waliona timu inajiokoa kwa bei rahisi.

Msimu huohuo Sanfrecce ikawa bingwa wa Japani, mara ya kwanza tangu 1970. Sato alipiga magoli 22, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mwaka. Mwaka 2013 wakachukua tena, siku ya mwisho kabisa, waliposhinda huku waliokuwa wakiongoza wakifungwa. Mwaka 2015 wakachukua mara ya tatu kwa kuitoa Gamba Osaka, 3–2 ugenini na 1–1 nyumbani.

Ubingwa huo ndio uliowakutanisha na sisi. Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili, 2015, mjini Osaka, katika Kombe la Dunia la Vilabu, Sanfrecce ilicheza na TP Mazembe, bingwa wa Afrika. Mnakumbuka matumaini tuliyokuwa nayo. Mwaka 2010 Mazembe ilikuwa imefika fainali ya kombe hilo, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Safari hii tuliambiwa Wajapani ni wafupi, hawatatusumbua. Shiotani akafunga karibu na mapumziko, Chiba akaongeza, Asano akamalizia. Tatu kwa sifuri. Sanfrecce ikafungwa goli moja na River Plate ya Argentina katika nusu fainali, kisha ikaishinda Guangzhou Evergrande ya China na kumaliza ya tatu duniani.

Siku ile sisi tulilia kwa ajili ya mpira tu. Hakuna mtangazaji niliyemsikia akisema kwamba timu ya Katanga na timu ya Hiroshima zilikuwa zimesimama uwanja mmoja, miaka 70 baada ya mawe ya Katanga kuanguka juu ya Hiroshima. Mimi mwenyewe sikulisema. Sikulijua.

Wiki moja ya machozi na furaha

Moriyasu aliondoka katikati ya mwaka 2017, timu ikiwa hatarini kushuka. Haikushuka. Yeye akapewa timu ya taifa, na katika Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, Japani yake ikazishinda Ujerumani na Hispania.

Mwaka huohuo wa 2022, mwezi wa kumi, Sanfrecce ilikuwa na fainali mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza, ya Kombe la Mfalme, walicheza na Ventforet Kofu, timu ya daraja la pili. Wakafungwa kwa penalti. Siku sita baadaye, fainali ya kombe la ligi, walikuwa nyuma goli moja mbele ya Cerezo Osaka hadi dakika 90 zikaisha. Katika dakika za nyongeza Pieros Sotiriou, mchezaji kutoka Kupro, akapiga penalti ikaingia, kisha akafunga la pili. Ndiyo mara ya kwanza klabu kulichukua kombe hilo.

Mwaka 2024 waliingia uwanja mpya. Ule wa zamani ulikuwa nje ya mji, milimani, na mashabiki walidai kwa miaka mingi uwanja ulio karibu na watu. Huu mpya uko katikati kabisa ya mji, mahali ambapo mwaka 1945 palikuwa majivu. Ukitoka hapo unatembea kwa miguu hadi kwenye lile jengo lenye kuba la vyuma, lililoachwa na magofu yake ili watu wasisahau. Uwanja wameuita Bawa la Amani. Mechi ya kwanza ya ligi waliikaribisha Urawa Reds, ileile iliyowachukulia watu wao. Wakashinda 2–0.

Jibu la yule baba

Nilirudi kambini nikamtafuta. Nikamwambia: ndiyo, baba, kule kungali watu. Wana uwanja, wana timu, wanafungwa penalti na kulia kama sisi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali la pili, na hilo sikuweza kulijibu: "Wao bomu lilianguka mara moja, wakaanza kujenga. Sisi ambao kila mwaka linaanguka upya, tutaanza siku gani?"

Nimeliandika hapa kama alivyoliuliza, ili wenye kupaswa kulijibu walisome. Madini yetu yangali yanatoka, na wanaoyachimba bado hawaambiwi yanakwenda kufanya nini.

Vijana wale, wakati tunazungumza, walikuwa wamekwisha kugawana timu mbili pale nje. Mpira wao ni wa mifuko iliyofungwa kwa kamba. Upande mmoja ulijiita Mazembe. Upande wa pili ulikosa jina, hadi mtoto mmoja aliyekuwa amenisikiliza akapaza sauti: "Sisi ni Mishale Mitatu!" Nilipoondoka Mishale ilikuwa inaongoza, moja kwa sifuri.