Sheria inavyomlinda anayetibiwa akili kwa njia ya simu

TIBA ya maradhi ya akili kwa njia ya simu na video imekuwa kimbilio la Wakenya wanaoishi mbali na madaktari bingwa, na pia la wale wanaochelea kuonekana wakiingia katika kliniki ya wagonjwa wa akili.

Tiba hii hutegemea mazungumzo kuliko kifaa chochote cha hospitali. Mgonjwa asipokuwa na uhakika kwamba siri yake iko salama, hatasema yanayomsibu, na asiposema hatibiki. Kwa sababu hiyo, masharti ya serikali kuhusu nani anayeruhusiwa kutibu, jinsi habari zinavyohifadhiwa na mahali alipo mgonjwa yana uzito mkubwa hapa kuliko katika matibabu mengine mengi.

Msingi wa masharti hayo ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, nacho Kifungu cha 31 kinalinda faragha.

Sheria ya Afya ya 2017 ilitambua rasmi huduma za afya zinazotolewa kupitia mitandao. Aidha, ilimtaka Waziri wa Afya kuhakikisha kwamba katika muda wa miaka mitatu imepatikana sheria mahususi ya kusimamia masuala hayo, yakiwemo matibabu ya mbali.

Muda huo uliyoyoma mwaka wa 2020, wakati ambapo janga la Covid-19 lilikuwa limezuia safari na kuwalazimu wengi kutegemea simu. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa sahihi na Rais William Ruto mnamo Oktoba 2023.

Hata hivyo, safari yake haikuwa shwari. Julai 2024, Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, pamoja na sheria nyingine mbili za afya, kwa misingi kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Septemba mwaka huo, Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo.

Kuhusu nani anayeruhusiwa kutibu, simu haimwondolei yeyote wajibu wa kuwa na leseni. Madaktari wa akili wako chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), ilhali wanasaikolojia na watoaji ushauri nasaha husimamiwa chini ya sheria yao ya 2014.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa mgonjwa. Daktari wa akili anaweza kumwandikia dawa, lakini mwanasaikolojia humtibu kwa mazungumzo. Anayejitangaza mtandaoni kama "mtaalamu wa akili" bila kueleza yuko upande gani anastahili kuulizwa jina lake kamili na nambari yake ya usajili kabla ya kulipwa hata shilingi moja.

Siri ya mgonjwa nayo ina ngao mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Akili kama ilivyorekebishwa mnamo Juni 2022, kufuatia mswada uliowasilishwa na aliyekuwa Seneta Sylvia Kasanga. Marekebisho hayo yalitaja waziwazi haki za mgonjwa, zikiwemo faragha na kukubali matibabu kwa hiari baada ya kuelezwa.

Ya pili ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Habari hizo zikivuja na kumtia mhusika hatarini, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72. Kampuni inayokiuka sheria inaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato yake ya mwaka, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Sheria hiyo pia inataka mhusika aridhie kabla data yake nyeti kutumwa nje ya nchi. Sharti hili ni zito kwa sababu programu nyingi za ushauri nasaha humilikiwa na kampuni za kigeni.

Lipo pia suala la uhai wenyewe. Kwa miaka mingi, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa ambalo adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Mgonjwa aliyemfichulia mshauri wake jambo hilo alikuwa, machoni pa sheria, akikiri uhalifu.

Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi hiyo ilikuwa imewasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) pamoja na chama cha madaktari wa akili na mtetezi wa wagonjwa.

Lakini uamuzi wa mahakama hauwezi kumfikishia mgonjwa msaada. Mtaalamu aliye Nairobi akimsikia mgonjwa wa Lodwar akisema amechoka kuishi, atahitaji kujua nyumba alipo na jirani wa kupigiwa simu. Ndiyo maana wataalamu waangalifu huuliza mambo hayo mwanzoni mwa kila kikao, kabla ya hatari kutokea.

Mahali alipo mgonjwa huamua pia ni sheria ipi inayotumika. Nchini Marekani, kwa kawaida mtaalamu hutakiwa kuwa na leseni ya jimbo alimo mgonjwa. Mkenya anayeishi Texas ambaye angependa kufunguka kwa Kiswahili kwa mwanasaikolojia aliye Nairobi atapata kwamba leseni ya Kenya pekee haitoshi. Zaidi ya majimbo 40 yamejiunga na mkataba uitwao PSYPACT, unaowaruhusu wanasaikolojia kuvuka mipaka ya majimbo hayo kwa njia ya video, lakini mkataba huo ni wa wenye leseni za humo.

Changamoto mpya ni mashine zinazozungumza kama binadamu. Agosti 2025, jimbo la Illinois lilipiga marufuku matumizi ya akili bandia kutoa tiba ya kisaikolojia, na kuweka faini ya hadi dola 10,000. Mashine haina leseni inayoweza kufutwa, wala haiwezi kuitwa mbele ya baraza la nidhamu ijieleze.

Kwa mgonjwa, basi, maswali ya kuuliza kabla ya kikao cha kwanza ni machache: Nani ananisikiliza, na amesajiliwa wapi? Maneno yangu yanahifadhiwa wapi? Nikizidiwa usiku, ni nani atakayejulishwa?