Kampuni ya London Iliyohamia Cairo

Mwaka 1904 iliandikishwa London kampuni ya Egyptian Delta Land and Investment, yenye ardhi nchini Misri. Mwaka 1907 uongozi wake ukahamishiwa Cairo. London ikabaki anwani ya kutimiza sheria. Mamlaka ya kodi ya Uingereza ilidai haki yake hadi Baraza la Malodi, ikashindwa: kampuni, waliamua majaji mwishoni mwa miaka ya 1920, hukaa inakoongozwa, si ilikoandikishwa.

Na huko Cairo je? Misri haikuwa na kodi ya mapato hadi 1939. Hapo ndipo ulipo uzito wa kisa hiki: cheti chenye heshima ya London, faida isiyotozwa popote. Uingereza iliuziba mwanya huo mwaka 1988, Bermuda na Bahamas zikiwa zimekwisha kuijua biashara hiyo.